Mikono ya Kulimia: Kaya ya Mkulima Wakati wa Janga la Maradhi

Mnamo mwaka 1973 wananchi wa Tanzania walihimizwa kwa kampeni iliyoitwa "Mtu ni Afya", na mwaka 1975 ikafuata nyingine iliyoitwa "Chakula ni Uhai". Kila moja ilikuwa na vijitabu vyake, vipindi vyake vya redio na vikundi vyake vya kusikiliza na kujadiliana. Mkulima alifundishwa afya mwaka mmoja na chakula mwaka mwingine, kana kwamba mambo hayo mawili hukaa katika nyumba mbalimbali. Kwa hakika hukaa chini ya paa moja, na jambo hilo hudhihirika hasa linapozuka janga la maradhi yaeneayo dunia nzima.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme kaya ina watu sita, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja anahitaji kwa wastani kalori 2,000 kwa siku. Jumla ni kalori 12,000. Kilo moja ya unga wa mahindi hutoa kalori zipatazo 3,500. Basi kama watu hao wangeishi kwa ugali mtupu, wangehitaji kilo tatu na nusu hivi kila siku, yaani magunia 12 au 13 ya kilo 100 kwa mwaka. Maofisa wengi wa mipango huishia hapo; hugawanya magunia kwa mavuno ya ekari moja, wakatangaza kwamba kaya yenye ekari kadha wa kadha inajitosheleza kwa chakula.

Lakini ekari hazijilimi. Mahindi, kwa mfano, hudhurika sana na magugu katika wiki tatu hadi sita za kwanza baada ya kuota. Magugu ya wakati huo hunyang'anya mmea mchanga maji, mwanga na rutuba, na palizi ya kuchelewa haiwezi kurudisha kilichokwisha kuibwa. Mkulima aliyeugua katika wiki hizo, hata akipona kabisa mwezi unaofuata, atalikuta shamba lipo na jembe lipo, ila msimu umekwisha kwenda.

Jambo la pili ambalo hesabu ya ekari hailioni ni uuguzi. Kifo, kwa ukatili wake, hupunguza mikono miwili ya kulima na kinywa kimoja cha kula. Ugonjwa hupunguza mikono miwili na kukiacha kinywa. Tena huchukua mikono mingine miwili ya kumwuguza mgonjwa, ambayo aghalabu ni ya mkewe, mama yake au binti yake. Vitabu tulivyosomeshwa ng'ambo viliielezea kaya ya mkulima kama kiwanda kidogo kinachoweza kuajiri kibarua mwingine pale mmoja anapokosekana. Mwandishi wa vitabu hivyo, nadhani, hakupata kukaa kijijini wakati ambapo nyumba zote zina wagonjwa.

Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 1918. Homa ya mafua makali iliyoizunguka dunia iliwaua watu wapatao milioni 50 kwa makisio mengi, na ilikuwa na tabia ya ajabu: iliwaua kwa wingi vijana na watu wazima wa miaka kati ya 20 na 40, ambao kwa kawaida mafua huwapita. Katika Tanganyika wanahistoria hukisia vifo kati ya 50,000 na 80,000. Maradhi hayo yaliwakuta watu waliokwisha kudhoofika, kwa maana majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na maelfu ya wapagazi. Huko Ugogo, ambako mvua ni ya msimu mmoja tu na hupandwa kuanzia Desemba, mafua yalifika katikati ya njaa kubwa ambayo Wagogo huikumbuka kwa jina la Mtunya. Hapakuwa na jirani wa kuombwa msaada wa jembe, kwa kuwa jirani naye alikuwa kitandani au alikuwa amekwenda kutafuta chakula mbali.

Jinsi wakulima wanavyobadili kilimo chao baada ya pigo kama hilo imechunguzwa vizuri zaidi mahali palipo mbali na kwetu, katika bonde la chini la mto Niger huko Nigeria. Mwanahistoria Don Ohadike alionyesha mwaka 1981 kwamba Waigbo wa sehemu hizo walikuwa wakiufahamu muhogo tangu zamani lakini wakiudharau. Zao lao la heshima lilikuwa viazi vikuu, ambavyo hudai matuta makubwa, miti ya kuegemezea, na kazi nyingi ya wanaume wenye nguvu kwa nyakati maalumu. Mafua ya 1918 yalipowaondoa wenye nguvu hao, muhogo uliingia mashambani kwa kasi, nao haukutoka tena.

Sababu yake ni ya kibiolojia. Muhogo hauna tarehe ya kuvunwa. Ukikomaa waweza kukaa ardhini mwaka mzima zaidi, ukichimbwa kidogo kidogo kadiri ya haja. Hivyo ni ghala lisilohitaji kujengwa, nao humngoja mgonjwa apone. Hata hivyo ghala hilo lina kodi yake. Gramu 100 za muhogo mbichi hazina zaidi ya gramu moja hivi ya protini, wakati maharage makavu ya uzito huohuo yana gramu zaidi ya 20. Aidha, muhogo mchungu una viini vinavyotoa sumu ya sayanidi, na kuiondoa ni kazi: kumenya, kuloweka au kuvundika, kuanika na kutwanga. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wilayani Tarime walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo, baada ya kula muhogo ambao matayarisho yake yalifupishwa kwa ajili ya njaa. Zao linalookoa kazi shambani huidai kazi hiyo jikoni.

Si kila janga huishika mikono ya mkulima. UVIKO-19, iliyothibitishwa nchini Tanzania Machi 2020, iliwaua zaidi wazee, na kwa wakulima wengi madhara yake ya kwanza yalikuja kwa njia ya soko. Malori yalipanga foleni ndefu mipakani, Mutukula na Namanga, madereva wakingojea kupimwa. Na huko Naivasha, Kenya, mashamba ya maua yalipunguza wafanyakazi pindi soko la Ulaya liliposimama. Aliyekuwa na shamba la chakula kijijini alikuwa na pa kurudi.

Mfano ulio kinyume kabisa ni UKIMWI katika mkoa wa Kagera. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa huko mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage. Upimaji wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wa mji wa Bukoba walikuwa na virusi, na katika vijiji vya Bukoba na Muleba mmoja katika kila kumi. Mafua ya 1918 yalipita nyumbani kwa majuma. UKIMWI, kabla ya kuwapo dawa, ulikaa miaka, ukichukua kwanza nguvu, kisha fedha, kisha mwenyewe, na mara nyingi mwenzi wake baadaye.

Kilimo cha Wahaya chafaa kuelezwa ili msomaji aone pigo liliangukia wapi. Nyumba huzungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, na chini yake maharage, mahindi na magimbi. Rutuba ya kibanja haikutoka kwa Mungu moja kwa moja. Ilibebwa kwa vizazi, kwa samadi ya ng'ombe na kwa nyasi zilizokatwa katika mbuga iitwayo rweya na kutandazwa migombani. Mgomba ukishatunzwa huzaa miongo mingi kwa machipukizi yake, nao, kama muhogo, huvumilia mkulima anapoukosa msimu mmoja. Uvumilivu huo ndio uliozificha dalili. Kibanja kisichopunguzwa machipukizi wala kutandazwa nyasi hakifi mwaka huo. Mikungu hupungua ukubwa, fukusi huzidi katika mashina, na ng'ombe waliouzwa kwa ajili ya matibabu hawapo tena kutoa samadi. Mwenye nyumba huona njaa pale ambapo kuirudisha rutuba kumekwisha kuwa kazi ya miaka.

Je, kaya hizo zilirudi nyuma na kulima chakula pekee? Wengi tulitarajia hivyo. Uchunguzi uliozifuata kaya zaidi ya 900 za Kagera kuanzia 1991 hadi 1994 ulitoa jibu jingine. Baada ya kifo cha mtu mzima baadhi ya kazi za shamba zilipunguzwa kwa muda, lakini kaya hazikuhamia kilimo cha kujilisha tu, wala waliosalia hawakubadili sana saa zao za kazi. Wachunguzi waliporudi mwaka 2004 walikuta kwamba matumizi ya kaya zilizofiwa yalishuka kwa kiasi cha asilimia 7 katika miaka mitano ya kwanza, na kwamba kifo cha mwanamke kiliumiza zaidi.

Hilo la mwisho halipaswi kutushangaza. Maharage, yaliyo protini ya kaya inayokula ndizi, ni kazi ya mwanamke: yeye huchagua mbegu, huzihifadhi, hupanda na kupalilia. Akifa yeye, mgomba hubaki umesimama na sahani hupungukiwa kile ambacho mgomba hauwezi kukitoa. Naye akibaki mjane, swali linalofuata ni kama ataachwa akae katika kibanja alichokitunza, maana kwa mila kilikuwa cha ukoo wa mume. Mahakama Kuu huko Mwanza iliamua mwaka 1990, katika shauri lililotoka Kagera, kwamba mwanamke asibaguliwe katika kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imetamka haki za wanawake. Kati ya hukumu na kibanja, hata hivyo, pana kikao cha ukoo.

Kuanzia mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini kwa mpango wa taifa. Watafiti wa magharibi ya Kenya walipima jambo ambalo wachumi wa kilimo hawakuwa wamelihesabu: katika miezi sita tangu kuanza dawa, saa za kazi za mgonjwa kwa wiki ziliongezeka kwa asilimia 35. Sijui mbolea iwezayo kufanya hivyo. Kwa maoni yangu dawa hizo zingestahili kuandikwa katika orodha ya pembejeo, pamoja na mbegu na jembe, na ratiba yake ipangwe kwa kalenda ya shamba. Zamani mgonjwa alisafiri kila mwezi hadi kliniki, akipoteza siku nzima hata wakati wa palizi. Katika miaka ya karibuni walioimarika wamekuwa wakipewa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mara moja, nazo siku zilizookolewa hutumika shambani.