Asili ya Neno na Mwenye Neno: Istilahi za Dini za Kiswahili katika Uzoefu wa Wamisionari, kutoka Unguja hadi Meru

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi wamisionari wa Kikristo walivyokabiliana na Kiswahili, lugha waliyoikuta tayari ikiwa chombo cha jamii ya Kiislamu. Istilahi za Biblia ya Karl Roehl (1937) zinalinganishwa na zile za Union Version (1952), kisha zinatazamwa kutoka eneo la Meru na Arusha, ambako msamiati huo ulifika kwa njia ya kanisa. Hoja yetu ni kwamba asili ya neno, peke yake, haituambii neno hilo ni la dini ipi.

Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Wapiganaji wa Kimeru na wa Kiarusha waliowashambulia hawakuwa Waislamu. Machoni pao wageni hao walikuwa sehemu ya nguvu ya Wajerumani iliyokuwa imekwisha kujikita Kilimanjaro. Dola ya kikoloni ilijibu kwa adhabu kali, na kituo cha kudumu cha misheni hakikuanzishwa Nkoaranga mpaka mwaka 1902. Ilboru, kwa Waarusha, kilifuata mwaka 1904.

Tukio hili huelezwa kwa kawaida kama historia ya kanisa. Tunalitaja hapa kwa sababu ya swali la kiisimu ambalo halijapewa uzito unaolistahili. Mkristo wa Akeri wa leo husema dhambi, toba, neema, imani, sala na malaika bila kujiuliza yalikotoka. Maneno haya yote ni mikopo kutoka Kiarabu, na yote yalikuwa katika vinywa vya Waislamu wa pwani kabla hayajatamkwa kanisani. Yalifikaje Meru, ilhali wamisionari waliotangulia huko hawakuwa Waarabu wala Waswahili, na wengi wa wenzao Wajerumani walikitilia shaka Kiswahili chenyewe?

Lugha iliyokuwa na wenyewe

Jibu linaanzia mbali na Meru. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, aliingia katika mji wenye makadhi, madrasa na fasihi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, na msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa mji. Tukio hili linastahili kutafakariwa. Kadhi hakuhitaji kufundishwa habari za Adamu, Nuhu na Ibrahimu. Alikuwa nazo, pamoja na majina yao na msamiati wa kuzisimulia. Aliyekuwa mwanafunzi hapo ni mmisionari.

Unguja hali ilifanana na hiyo, ila kwa upana zaidi. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyohamia kisiwani mwaka 1864, ilipata waumini wachache mno miongoni mwa Waislamu. Waumini wake wengi wa mwanzo walikuwa watumwa waliokombolewa, watu wa bara wenye lugha mbalimbali, ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya pili. Edward Steere, aliyechapisha sarufi yake na mkusanyo wake wa hadithi mwaka 1870 na kuwa askofu mwaka 1874, alikichukua Kiswahili cha mjini Unguja kama alivyokisikia. Hivyo jamii ya kwanza ya Wakristo wa Kiswahili ilijifunza maneno ya dini ya Waislamu bila kuwa imepita katika Uislamu. Tutaona kwamba hali hiyo ilijirudia Meru.

Ukopaji huo, hata hivyo, haukuwa wa kiholela. Pale ambapo itikadi za dini hizi mbili zinakaribiana, yaani uumbaji, dhambi, toba, malaika, shetani na manabii, watafsiri walitumia neno lililokuwepo. Pale zinapotengana waliunyambua msamiati wa Kibantu au walikopa kutoka Ulaya: wokovu kutoka okoa, ufufuo kutoka fufua, Utatu kutoka tatu, ubatizo kutoka Kiyunani kupitia lugha za Ulaya. Mpaka huu una mapengo yake. Msalaba ni neno la Kiarabu, ingawa kusulubiwa kwa Yesu ndiyo mojawapo ya hoja zinazobishaniwa zaidi baina ya dini hizo. Kwa upande mwingine, mtume ni unyambuaji wa Kibantu kutoka tuma, na Waislamu wa pwani ndio waliolitumia kumtaja Muhammad. Hata jina Mungu, ambalo Wakristo walilipokea bila mjadala mkubwa, ni la Kibantu na lilikuwa likitumika pwani kumtaja Allah.

Majina ya watu nayo yanaonyesha mvutano uleule. Union Version ina Ibrahimu, Nuhu, Haruni na Ayubu, yenye umbo la Kiarabu, lakini pia ina Isaka, Yona na Eliya, si Ishaka, Yunus na Ilyas. Katika Agano Jipya, Yesu na Yohana hawakuwa Isa na Yahya. Msikilizaji Mwislamu angewatambua baba wa imani mara moja. Kwa mhusika mkuu angesita.

Jaribio la Roehl

Si wamisionari wote walioridhika na ujirani huo. Katika kongamano la makoloni la mwaka 1905 huko Ujerumani, Julius Richter wa Misheni ya Berlin alikishambulia Kiswahili kuwa kimechanganyika na Uislamu kiasi cha kutotenganishika nao. Misheni ya Leipzig, kwa upande wake, ilipendelea lugha za wenyeji. Karl Roehl, aliyefanya kazi Usambara, alichagua njia ya tatu: kukitumia Kiswahili, lakini kukipunguzia Kiarabu. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937.

Katika tafsiri yake, Injili ni Utume mwema, nabii ni mfumbuaji, kuhani ni mtambikaji, dhambi aghalabu ni makosa, na kutubu ni kujuta. Juhudi hii ina thamani kubwa kwa mwanaleksikografia, maana inaonyesha ni kwa kiasi gani unyambulishaji wa Kibantu unaweza kubeba mawazo ya kiteolojia. Mfumbuaji, kwa maoni yangu, ni uteuzi mzuri: anayefumbua ana jambo lililofumbwa, na picha hiyo haimo katika nabii. Lakini makosa hayana uzito wa dhambi, kwani mtu hukosea njia, hukosea hesabu, hukosea adabu.

Tatizo kubwa zaidi limo katika mtambikaji. Kutambika ni kuwatolea mizimu na wahenga sadaka au kafara. Katika kulikwepa neno lililofahamika msikitini, mtafsiri aliingia katika uwanja wa dini za jadi, ambazo misheni ilizipinga kwa nguvu zaidi milimani. Kwa msomaji wa Meru wa miaka ya 1930, ambaye pengine babu yake alikuwa angali akitambika, kuhani lingekuwa neno geni na hivyo salama. Mtambikaji lilikuwa neno analolielewa vizuri kupita kiasi.

Union Version ilirudisha nabii, kuhani, dhambi, toba na Injili, na ndiyo iliyoenea. Kushindwa kwa Roehl mara nyingi huelezwa kwa hoja ya usanifishaji na ya maridhiano ya misheni. Hoja hizo ni za kweli, lakini hazielezi jinsi waumini wenyewe walivyoyasikia maneno.

Kutoka upande wa mlima

Nkoaranga na Ilboru zinatazama mlima mmoja, lakini Kimeru ni lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kichaga, na Kiarusha ni lahaja ya Kimaasai, lugha ya Kinailoti. Wachaga wana Ruwa, Waarusha wana Enkai. Lugha ya kuwaunganisha waumini hawa haikuweza kutoka mlimani. Ilitoka kwenye boma la Arusha lililojengwa mwaka 1900, sokoni, jeshini na baadaye shuleni, na ilikuwa Kiswahili.

Mkristo wa Meru aliyejifunza Kiswahili katika mazingira hayo alipokea dhambi na ubatizo kutoka kwa mwalimu mmoja wa kanisa. Kwake hakukuwa na sababu ya kulihisi la kwanza kuwa la Kiislamu na la pili kuwa la Kikristo. Hofu ya Richter ilitokana na ujuzi wa etimolojia ambao mwanafunzi wa darasa la ubatizo hakuwa nao. Neno lilibeba historia ya pwani, lakini historia hiyo haikupanda mlima pamoja nalo.

Hii haina maana kwamba mpaka ulifutika. Umehamia mahali pengine. Waislamu wengi huandika swala na kuswali, Wakristo sala na kusali. Herufi moja hutosha kumtambulisha mwandishi. Na katika mihadhara ya dini iliyoshamiri Tanzania tangu miaka ya 1980, wahubiri wa Kiislamu wamekuwa wakisoma Biblia ya Kiswahili hadharani kujenga hoja zao. Wanaweza kufanya hivyo, na kueleweka, kwa sababu walioitafsiri walikopa kwao. Ubishi hauwi tena juu ya neno lipi litumike, bali juu ya nani anajua maana yake, na mara kadhaa ubishi huo umeishia kwa polisi.

Ukopaji nao haukwenda upande mmoja tu. Kanoni Godfrey Dale wa Unguja alichapisha tafsiri ya Kurani mwaka 1923. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, msomi aliyekijua Kiarabu kwa undani, alipochapisha yake mwaka 1969 aliiita Qurani Takatifu, na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani baadaye alitumia Tukufu. Takatifu linatokana na takata, tukufu na tukuka. Yote mawili ni ya Kibantu, na la kwanza ndilo lililo juu ya jalada la Biblia. Kamusi inayoweka alama ya Kiarabu kwenye dhambi na kuliacha takatifu bila alama inatoa taarifa sahihi kuhusu asili. Kuhusu matumizi, kwa msomaji wa Akeri na kwa yule wa Unguja, bado haijasema lolote.