Kompyuta isiyopiga kelele: Mzigo wa Kobero kwenda Gitega

Na Mwandishi Wetu, Gitega

Karatasi yenyewe ilichanwa kutoka kwenye daftari la dada yangu, lile analoandikia mchele. Upande mmoja kuna mwandiko wake: Kahama, gunia 10, mpakiaji, gari, ushuru wa soko. Upande wa pili mwanawe ameorodhesha kwa kalamu nyekundu vifaa vya kompyuta ya michezo anayotaka kuiunda kwa mikono yake hapa Gitega. Prosesa, madabodi, kadi ya michoro, ramu, diski ya SSD, pawa saplai, kava, skrini. Mstari wa mwisho ameupigia mistari miwili chini yake: kipoozaji cha maji.

"Mjomba, hiyo ya maji ndiyo inayofanya isipige kelele," aliniambia kabla sijamuuliza lolote.

Jumla aliyoiweka chini ya karatasi ni dola 900. Mama yake anaishi Muyinga na huvuka Kobero mara mbili au tatu kwa mwezi. Kwake yeye dola 900 ni safari nzima ya mchele, kwenda na kurudi, pamoja na faida. Aliniletea karatasi ile nimwambie kama kijana amepanga au ameota. Nimekaa nayo wiki mbili, nikiuliza mafundi na mawakala wa forodha. Naandika haya kwa sababu najua wafanyabiashara wengi wa mpaka wanaletewa karatasi kama hiyo na watoto, wapwa na wateja wao, na wengi hukubali kubeba mzigo wasioujua.

Kwanza kelele, maana watu wazima wengi wangecheka hapo. Mpwa wangu anahariri video za harusi, na usiku hucheza mpira wa kompyuta. Mashine aliyonayo ni ya ofisi, ya mtumba, na ikianza kazi hunguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Chumba anachopanga kimetenganishwa na cha mwenye nyumba kwa ukuta mwembamba wa matofali. Bibi yule ni mtu mzima na analala mapema. Mara ya kwanza alimwambia kwa upole. Mara ya pili alimwambia atafute pengine ifikapo mwisho wa mwezi ujao ikiwa ile kitu haitanyamaza. Kwa hiyo ukimya, kwa kijana huyu, ni paa juu ya kichwa chake na ni kazi yake ya harusi.

Maji hayaliui joto

Niliyojifunza kwanza ni kwamba maji hayaondoi joto, yanalihamisha tu. Ndani ya kipoozaji cha maji kuna pampu ndogo inayokaa juu ya prosesa. Inasukuma maji yenye dawa kwenye mabomba hadi kwenye rejeta, sawa na ile ya gari, na hapo feni hupuliza hewa kupita kwenye rejeta. Mwisho wa safari ni hewa ileile na feni zilezile. Faida yake ni kwamba rejeta ni pana, feni hazilazimiki kukimbia, na kelele ya feni inatokana hasa na kasi. Wahandisi wa feni wana kanuni yao: punguza mzunguko kwa nusu, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Ongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza, kelele hupanda kwa desibeli 3 tu. Kwa hiyo feni tatu kubwa zinazozunguka polepole hunyamaza kuliko moja ndogo inayokimbia, ziwe kwenye rejeta au kwenye kava la kawaida.

Gitega iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Muyinga iko juu zaidi kidogo. Kwenye kimo hiki hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kama asilimia 15, kwa hiyo kila mzunguko wa feni unabeba joto pungufu. Hilo linaiumiza rejeta vilevile, haliiumizi feni ya kawaida peke yake. Lakini tuna neema ambayo Dar hawana: baridi. Usiku wa Julai hapa Gitega mtu anatafuta sweta, wakati Kariakoo saa hizo bado watu wanajipepea. Mashine inayopozwa na hewa ya nyuzi 18 ina nafasi kubwa kuliko inayopozwa na hewa ya nyuzi 30, na nafasi hiyo inafidia wembamba wa hewa na kubakiza ziada.

Kisha nikapitia orodha yake kifaa kwa kifaa. Prosesa aliyochagua, Ryzen 5 5600, imepangiwa joto la wati 65. Kadi ya michoro, GeForce RTX 4060, ni wati 115. Hapo hesabu ilijionyesha yenyewe. Kipoozaji cha maji alichokitaka kinapoza prosesa peke yake. Kadi, ambayo joto lake linakaribia kuwa mara mbili ya lile la prosesa, inabaki na feni zake. Kijana alikuwa anataka kulipa karibu dola 100 kunyamazisha mtoto anayenong'ona, huku yule anayepiga kelele akiachwa vilevile.

Nilipomwonyesha alikaa kimya, kisha akasema, "Basi tuweke maji na kwenye kadi, Mjomba."

Inawezekana. Wapo wanaounda mfumo mzima wenyewe: pampu, tangi, mabomba, rejeta mbili, vipande vya shaba vya kubana kwenye prosesa na kwenye kadi. Huo ni ufundi wa mtu ambaye ameshaunda mashine kadhaa. Huwezi kutia maji ya bomba, kwa sababu yana chumvi na huota ukungu. Huwezi kuchanganya shaba na alumini kwenye mfumo mmoja, kwa sababu metali hizo zikikutana ndani ya maji moja huanza kuliwa. Kabla ya kuwasha kompyuta unawasha pampu peke yake kwa saa kadhaa, wengine siku nzima, ukiwa umetandaza karatasi nyeupe chini ya kila kiungio ili uone tone. Na kifungio kimoja kikipotea au kikipasuka, hakuna duka la Gitega la kwenda kukinunua. Unasubiri safari nyingine ya mama.

Kile cha kufungwa kiwandani, ambacho hakihitaji kujazwa, ni salama zaidi na sikidharau. Anayekichagua ajue jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: pampu isiwe sehemu ya juu kabisa ya mfumo. Ndani huwa kuna hewa kidogo, na hewa hupanda. Ikikusanyika kwenye pampu utasikia mlio wa mchanga unaosagwa, na pampu itakufa mapema. Rejeta ifungwe juu ya kava, au mbele huku kichwa chake kikiwa juu kuliko pampu. Na pampu ikifa, kifaa chote kimekufa. Feni ya kawaida ikifa unanunua feni.

Karatasi za mpakani

Hapa ndipo dada yangu alipovuta kiti karibu. Yeye ni mtu wa cheti rahisi cha asili. Mchele wake wa Kahama umelimwa ndani ya Jumuiya, thamani yake haifiki dola 2,000, anajaziwa cheti palepale mpakani na anapita bila ushuru wa forodha. Alidhani dola 900 za vifaa vya kompyuta zitapita kwa mlango huohuo.

Hazipiti. Cheti kile ni cha bidhaa zenye asili ya Afrika Mashariki. Kadi iliyotengenezwa China na kununuliwa Kariakoo haijawa ya Tanzania kwa kuuzwa Tanzania. Nimekutana na kosa hili kwa wafanyabiashara wazoefu kabisa, kwa hiyo nalirudia: mahali pa kununua si asili.

Habari njema ni kwamba kompyuta, katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya, ziko kwenye kundi la asilimia sifuri. Lakini sifuri ya ushuru wa forodha si sifuri ya kodi zote. TVA ya Burundi kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, na kila kifaa kina namba yake ya forodha. Feni, nyaya na skrini havifuati lazima namba ya kompyuta kwa sababu tu vimo kwenye boksi moja. Mpe wakala orodha ya vifaa kabla ya safari, siyo ukiwa kwenye foleni. Kobero na Kabanga ni kituo kimoja cha pamoja, maana yake anayeingia Burundi anamalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Kobero. Akifika hapo bila namba yake ya NIF na bila risiti za mashine kutoka dukani, hakuna pa kurudi kwa dakika tano kwenda kuzitafuta.

Dada yangu ana jeraha lake kwenye risiti. Miaka michache iliyopita alinunua televisheni ng'ambo ya mpaka, duka likamwandikia thamani ndogo kwenye karatasi "ili asisumbuliwe". Ilipowashwa Muyinga ilionyesha mistari. Aliporudi nayo, muuzaji alimwambia karatasi hii inasema umenunua kitu cha nusu ya bei hii, kwa hiyo siyo hii. Tangu siku hiyo anadai risiti ya bei kamili hata ya betri.

Na kwa kompyuta ya kuunda mwenyewe jambo hilo ni zito zaidi, kwa sababu dhamana ndiyo roho yake. Vifaa vinane vinaweza kuwa vya maduka manne, kila duka na dhamana yake, na duka liko Dar, kupitia Ngara, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Ushauri nilioupata kwa wakala na ambao naona una akili: namba za pekee za kila kifaa ziandikwe kwenye risiti na kwenye karatasi za forodha. Kikiharibika kikarudishwa Dar, kuna ushahidi kwamba kinachoingia tena Kobero ni kilekile au badala yake, na si mzigo mpya.

Kuna waliomwambia kijana apitie Kigali. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo hilo halikutuchukulia muda. Bujumbura tuliuliza, na bei ilikuwa imebeba pengo la dola ya benki na dola ya mtaani, ambalo kila msomaji wa ukurasa huu analijua kuliko mimi.

Umeme na vumbi

Mashine nzima, ikicheza kwa nguvu, itakula kama wati 250, na skrini 30. Kwa saa nne ni zaidi kidogo ya yuniti moja ya kashpawa. Hilo linabebeka. Tatizo ni umeme unaoondoka na kurudi kwa kishindo. Laini kutoka Rusumo, ambako megawati 80 zinagawanywa kwa Burundi, Rwanda na Tanzania, inafika hadi Gitega, lakini laini kubwa haizuii nguzo ya mtaani kuyumba. Kwa hiyo pesa iliyotengwa kwa maji imehamia kwenye UPS. Ndogo ya VA 650 haimpi kucheza gizani, inampa dakika chache za kuhifadhi harusi ya watu na kuzima kwa heshima.

Kiangazi vumbi letu jekundu huingia hata kwenye sanduku la nguo. Kava lazima liwe na vichujio vinavyotoka bila bisibisi. Hilo nalo lina uhusiano na kelele: feni iliyovaa blanketi la vumbi hukimbia zaidi kufanya kazi ileile.

Karatasi ya sasa ina mwandiko wa rangi tatu. Kipoozaji cha maji kimekatwa, na pembeni ameandika kipoozaji cha hewa cha mnara chenye feni ya milimita 120, dola 35. Kadi ni ileile, ila amechagua toleo lenye feni mbili ambazo husimama kabisa wakati mashine haina kazi nzito. Kava ameongeza ukubwa, lenye nafasi ya feni za milimita 140, na lenye nafasi ya rejeta juu. Hilo alinificha, nimeliona mwenyewe kwenye picha ya boksi. Ramu imepanda bei tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vikikimbilia kompyuta za akili bandia, kwa hiyo amekubali kuanza na gigabaiti 16 na kuacha tundu mbili wazi.

Dada yangu amekubali kutoa dola 600 kwanza. Zilizobaki atazitoa kijana akishalipwa harusi mbili za Agosti. Kadi ya michoro ndiyo itakayonunuliwa mwisho. Prosesa hii haina picha yake yenyewe, kwa hiyo hadi kadi ifike skrini haitaonyesha kitu. Kijana amesema atavumilia, mama yake akasema hiyo itakuwa kompyuta ya kimya kweli.

Anaondoka Alhamisi. Aliniuliza swali moja tu la mwisho, maboksi yote pamoja yana kilo ngapi, kwa sababu anarudi na mchele pia na anataka kujua nani atakaa chini ya nani kwenye gari.