Pikipiki Kuukuu na Desturi za Buha

Miongoni mwa michezo ya pikipiki iliyozuka Uingereza na kuenea Ulaya yote, uko mmoja ambao mshindi wake si yule aendaye mbio kuliko wenzake, bali ni yule apitaye juu ya mawe, mizizi na vijito pasipo kuweka mguu chini. Agusaye ardhi mara moja huandikiwa alama moja ya kosa, asimamaye au kuanguka huandikiwa tano, na mwenye alama chache kuliko wote ndiye bingwa. Mashindano ya Scotland ya mchezo huo yalianza mwaka 1909, na mwaka 1965 Sammy Miller aliyashinda kwa Bultaco, pikipiki ya Kihispania iliyokuwa nyepesi, yenye shokapu mbili nyuma, moja kila upande wa gurudumu. Yamaha ilipoleta pikipiki ya mchezo huo yenye shokapu moja, mwanzoni mwa miaka ya 1980, zile za shokapu mbili zikahesabiwa kuwa za kale, na leo watu wazima wenye nafasi huzitafuta maghalani, huzifungua hadi kikabaki chuma kitupu, huzisugua na kuzipaka rangi ile ile ya kiwandani, kisha siku za mapumziko huzipandisha tena milimani.

Nayataja hayo kwa kuwa mtu yeyote aliyesafiri wakati wa mvua katika nyanda za juu za Kigoma, akaiacha njia kuu ya Kasulu na Kibondo na kushika vijia viteremkavyo mabondeni kutoka Kitahana, ameuona mchezo huo huo ukichezwa pasipo mwamuzi wala kikombe, na mchezaji akiwa amefunga gunia la maharage nyuma yake. Tofauti ni kwamba Mwingereza huikuta pikipiki kuukuu mwisho wa safari yake ya kutafuta mali, ilhali kijana wa Kiha huikuta mwanzo. Sababu yake imo katika desturi ambayo ni kongwe kuliko pikipiki zenyewe.

Katika himaya za zamani za Buha, nchi ya Waha, kama Muhambwe, Buyungu, na Heru iliyotawaliwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, mtu asiye na ng'ombe aliweza kumwendea aliye nao, akachukua pombe, akajieleza kwa taadhima na kuomba. Akipewa mnyama alipata maziwa na samadi, naye alimtumikia mwenye ng'ombe kwa kazi na kwa heshima, na uhusiano huo, ulioitwa ubugabire, uliwafunga watu wawili na aghalabu hata watoto wao baada yao. Baadaye vijana walipokwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, kitu walichotamani kurudi nacho nyumbani kilikuwa baiskeli, na kwa baiskeli hiyo mtu aliweza kujitegemea pasipo kumpigia magoti yeyote. Pikipiki ilipokuja kwa wingi, hususan baada ya kanuni za mwaka 2010 kuiruhusu kubeba abiria kwa malipo, bei yake ilikuwa kubwa mno kwa mkulima wa muhogo, na hivyo ile njia ya kale ya kuomba kwa mwenye nacho ikarudi kwa jina jipya: mkataba.

Mkataba huandikwa mbele ya mashahidi, mara nyingi mwenyekiti wa kitongoji akiwamo. Tajiri hutoa pikipiki mpya, Boksa au TVS au moja ya zile za Kichina. Kijana hupeleka hesabu kila siku, mvua ikinyesha au isinyeshe, na baada ya mwaka mmoja au zaidi, kwa kadiri walivyopatana, hukabidhiwa kadi na chombo kikawa chake. Wako matajiri waungwana ambao kijana akiugua humsamehe hesabu ya siku hizo, na wako wengine ambao, kikisalia kiasi kidogo, hutafuta kisa cha kuinyang'anya pikipiki. Hao hulaaniwa kijiweni kwa majina, na kijana mwenye busara huwaulizia wakubwa zake kabla ya kutia saini. Lakini hata mkataba wa haki kabisa una tofauti moja na ng'ombe, nayo ni kubwa: ng'ombe huzaa, pikipiki huchakaa. Siku kijana aitwapo mwenye mali, mali yenyewe imekwisha kula njia za mawe kwa miezi mingi, ringi zimelegea, cheni imerefuka, na shokapu zote mbili za nyuma zinatoa machozi ya oili. Basi kazi yake ya kwanza akiwa mmiliki ni kufufua.

Ndipo aendapo kwa fundi. Karakana nyingi za Buha ni kivuli cha mwembe, turubai, na kipande cha ardhi kilichokuwa cheusi kwa oili chafu kiasi kwamba hata majani hayaoti. Mwanafunzi huanza kwa kuosha vyuma kwa petroli na kukumbuka kila skrubu ilitoka wapi. Haruhusiwi kugusa injini mpaka fundi mwenyewe aseme, na malipo yake ya awali ni chakula cha mchana. Nimemtazama fundi mmoja wa Kasulu akiipima shokapu: aliisimamisha juu ya jiwe, akaibana chini kwa uzito wa kifua chake, kisha akaiachia ghafla. Iliruka. “Mzee, hii imebaki springi tu,” akamwambia mwenyewe, ambaye kwa umri alikuwa mdogo wake, “oili yote imekwisha.” Kwa kuwa shokapu za namna hiyo hazikutengenezwa ili zifunguliwe, alitoboa tundu dogo ubavuni, akamwaga oili mpya kidogo kidogo akiisukuma fimbo juu na chini ili hewa itoke, akaziba kwa skrubu iliyovishwa raba ya tyubu. Chini ya springi akaongeza washa mbili nene za chuma, kwa sababu chombo hicho hubeba magunia. Jeti ya kabureta aliizibua kwa uzi mmoja uliochomolewa katika waya wa breki, maana sindano, alisema, hulipanua tundu na pikipiki ikaanza kunywa petroli.

Mafundi hawa hawatafuti uasili. Tangi hutoka katika pikipiki moja, kiti katika nyingine, na rimu katika ile iliyouzwa kwa mnada na shirika la misaada baada ya kuchoka kwa safari za kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu; maadamu namba ya fremu inalingana na ile ya kwenye kadi, pikipiki ni ile ile. Mkusanyaji wa Bultaco angeshika kichwa. Walakini, yapasa ikumbukwe kwamba Honda CG125, iliyobuniwa katika miaka ya 1970 na ambayo nyingi za pikipiki za Kichina zimeiga injini yake, ilikusudiwa tangu awali kwa nchi ambazo mwenye chombo hakifungui mpaka kigome, na kwa hivyo fundi wa mwembeni hafanyi kinyume cha wabunifu wake.

Tukija katika uendeshaji, ustadi unaosifiwa vijiweni ni wa kushuka mlima wa udongo mwekundu ulionyeshewa. Dereva mahiri husimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, gia ya kwanza imeingia, injini ikiizuia pikipiki yenyewe wala klachi haiguswi. Breki ya mbele huisahau kabisa, kwani akiigusa gurudumu hukata kushoto au kulia na yeye hujikuta mtaroni. Mwili wake hubaki umenyooka huku chombo kikilala huku na huku chini yake. Mguu ukigusa chini, wenziwe humcheka jioni. Gunia likianguka hulipa yeye. Abiria hapo huteremka mwenyewe na kutembea, bila kuambiwa.

Ila mgonjwa hateremki. Zamani mgonjwa alibebwa kwa machela mabegani mwa majirani waliopokezana, na kukataa kupokea zamu ilikuwa aibu kuu. Leo mama mwenye uchungu huketishwa katikati, dereva mbele, shangazi au mama mkwe nyuma akimshikilia. Watu watatu juu ya pikipiki ni kosa la sheria, nami sipendi kuliona likifanyika kwa ajili ya harusi na ulevi, lakini usiku, zahanati ikiwa ng'ambo ya bonde, sijui ni askari gani angewasimamisha. Safari hiyo hupewa dereva mzoefu hata kama si zamu yake, na nauli yake haisemwi mpaka mtoto azaliwe. Akifa dereva, wenzake wa kijiwe huchanga rambirambi na kulisindikiza jeneza kwa msafara wa pikipiki, taa zikiwaka mchana.

Tangu barabara kuu ya Kasulu na Kibondo ianze kutiwa lami, pikipiki mpya za mkataba hupelekwa huko, kwenye abiria wengi na mwendo mwepesi. Zilizofufuliwa hurudishwa vijiani. Mwenye nayo akichukua mkataba wa pili, ile ya kwanza humpa mdogo wake awe deiwaka, yaani dereva wa muda, ashushe muhogo na ndizi kutoka mlimani siku za gulio, kwa kuwa akianguka na mpya hesabu ya tajiri haingoji, na akianguka na kuukuu ni kupinda mpini na kuurudisha, akapiga kiki na kuendelea.