Mafuta ya moteri: juu ya nini mashini ya kusaga inakufa mapema

Koperative nyingi zenye mashini ya kusaga zinajua hasara hii: mihogo imekauka, wamama wamepanga foleni na mabeseni yao, kisha moteri inafunga. Fundi akiifungua anakuta kusineti zimeungua. Pesa ya sanduku inaisha kwa kununua pese. Watu wanasema mafuta ilikuwa ya bandia. Inaweza kuwa kweli, lakini mara nyingi mafuta ilikuwa mazuri, ni kazi yake tu haikueleweka.

Kazi yake ni kutenganisha vyuma. Mwaka 1883, kule Uingereza, Beauchamp Tower alikuwa anapima kusineti za gari la moshi. Alitoboa tundu juu ili kutia mafuta. Chuma kilipoanza kuzunguka, mafuta ikapanda na kutoka kwa tundu lile. Akaliziba na kizibo cha mti, kizibo kikasukumwa inje. Ni vile chuma kinachozunguka kinavuta mafuta chenyewe na kuyaingiza mahali pembamba. Yakibanwa pale, yanapata nguvu ya kuinua mzigo wote. Mwaka 1886 Osborne Reynolds aliandika hesabu ya jambo hilo, na hata leo ndiyo inatumiwa.

Leo hesabu hiyo inafanywa na ordinatere. Inagawanya ile nafasi nyembamba katika vipande vidogo sana, sawa vile tunagawanya shamba ili kuhesabu mbegu. Kwa kila kipande inatafuta nguvu ya mafuta, inalinganisha na vipande jirani, inarudilia tena na tena mpaka vyote vipatane.

Kwa rulemani (ile duara yenye mipira ya chuma ndani) hesabu ni ngumu zaidi. Pale mpira unapogusa, mafuta yanaweza kubanwa kupita bari 10.000, wakati pneu ya pikipiki iko na bari 2 hivi. Chuma chenyewe kinapindika kidogo, na mafuta yanakuwa karibu kama kitu kigumu. Dowson na Higginson walichapisha njia ya kuihesabu mwaka 1959, na jibu linashangaza: ukiongeza mzigo mara mbili, utando wa mafuta unapungua chini ya sehemu moja ya kumi. Lakini mwendo ukishuka nusu, ao mafuta yakiwa mepesi nusu, utando unapungua zaidi ya theluthi moja.

Kwa kusineti za moteri, mzigo nao unaumiza sana. Kwa hiyo yule anayejaza mahindi mpaka moteri inalia na mwendo unashuka, anaharibu kwa njia mbili kwa mara moja. Afazali kusaga polepole, wateja wangojee.

Joto nalo linayeyusha kinga. Mafuta namba 40 ikiwa na digri 100 ni nyepesi karibu mara kumi kuliko ikiwa na digri 40. Maji ya kupoza yakikosa, ao mapezi yakijaa bunga, hata mafuta ya bei kali haitasaidia. Na ukikuta mafuta imepanda kwenye kijiti cha kupimia bila mtu kuongeza, usifurahi: pengine mazutu inaingia ndani, na mazutu inayafanya mepesi. Wale wanaotia mawese kwa moteri, mimi siwezi kuwakubalia. Kwa joto inaoza, inakuwa na asidi na kunata.

Utando ule ndani ya rulemani mara nyingi haufiki sehemu moja ya 70 ya unene wa nywele. Basi fikiri punje ya mchanga inafanya nini pale! Funika bidoni, panguza mdomo wa grese mbele ya kupompa. Na usijaze grese mpaka imwagike. Theluthi moja ya nafasi tupu inatosha kwa rulemani inayokimbia, ikizidi inachemka.

Tena, bila kuzunguka hakuna utando. Ukiwasha, acha moteri izunguke dakika chache bila mzigo.

Mwenye kutunza sanduku aandike saa za kazi kwenye daftari, vidanje ifanywe kwa saa zilizoandikwa na mwenye kutengeneza moteri, si wakati mafuta imekuwa nyeusi. Na kabla ya kununua bidoni ya bei rahisi, mulinganishe namba yake na ile ya kitabu cha moteri.