Fahamu: Zilipendwa na Bongo Fleva zinatofautiana wapi?

Zilipendwa ni zipi?
Ni nyimbo za zamani ambazo bado zinapigwa redioni na kumbini. Tanzania, jina hilo hutumika zaidi kwa muziki wa dansi wa miaka ya 1960 hadi 1980, enzi za Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, na bendi za NUTA Jazz na Mlimani Park "Sikinde".

Zilirekodiwaje?
Bendi nzima iliingia studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam na kupiga kwa pamoja. Wimbo ulianza taratibu kwa kisa, kisha magitaa yakachanganya, tarumbeta zikajibu, na wachezaji wakaachiwa uwanja.

Bongo Fleva ilibadilisha nini?
Muziki huu wa kizazi kipya wa Tanzania ulishika kasi miaka ya 1990, redio binafsi zilipoanza. Prodyuza hutengeneza mdundo kwa kompyuta, msanii huingiza sauti, na kiitikio huwahi kuja. Siku hizi amapiano ya Afrika Kusini inasikika humo.

Mbona ubishi hauishi?
Wakongwe husifu mashairi na ala. Vijana husifu mdundo na soko la nje. Ulinganisho wenyewe una kasoro: za zamani zimeshachujwa na muda na mbovu zimesahaulika, ilhali za leo tunazisikia zote.