"Haggard": Sura Iliyosawajika

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowatatiza wafasiri ni yale yanayoeleza sura ya mtu aliyechoka. Mojawapo ni "haggard". Katika makala hii tunakusudia kueleza asili na maana yake, na kupendekeza namna ya kulifasiri.

Kiingereza kililipata neno hili katika karne ya 16 kutoka Kifaransa, "hagard". Lilikuwa neno la watu waliofuga ndege wa kuwindia. Kipanga aliyetwaliwa kiotoni angali kinda alifugika kwa wepesi. Aliyenaswa mwituni akiwa amekwisha kukomaa ndiye aliyeitwa hivyo. Huyo alikuwa mkali, mwenye macho ya kutaharuki, wala hakumzoea mtu upesi. Baadaye neno likahamia kwa binadamu: kwanza mtu asiyetawalika, kisha mwenye macho ya mhangaiko, na hatimaye yule ambaye uso wake umeharibika kwa uchovu, mashaka au kukosa usingizi. Yadhaniwa kuwa neno "hag", yaani kizee cha kike chenye sura mbaya, nalo lilichangia maana hii ya mwisho.

Kwa hiyo neno hili huhusu sura. Halitaji ugonjwa, wala halisemi kwamba mtu amekosa chakula.

Tofauti hiyo si jambo dogo. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Wilaya ya Ngara. Katika miaka hiyo ya 1990 Ngara na Biharamulo zilipokea wakimbizi wengi wa Rwanda na Burundi. Taarifa nyingi za mashirika ya misaada huandikwa kwa Kiingereza, hali mtendaji wa kata, mwuguzi na mwanakijiji huzungumza Kiswahili. Tuseme taarifa inamwita mama fulani "haggard". Mfasiri akiandika "amedhoofu kwa njaa", amebuni sababu isiyotajwa. Akiandika kwamba mtoto "macho yamedidimia", amekosea zaidi, kwani hiyo ni dalili ya upungufu wa maji mwilini, na mwenye kuisoma atapaswa kuchukua hatua za tiba. Vilevile, dalili hiyo ikitajwa kweli katika taarifa, haifai kufunikwa kwa neno la sura tu.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Kitenzi "kusawajika" maana yake ni kuharibika sura kwa maradhi, huzuni au taabu. Twapendekeza matumizi yafuatayo:

"Haggard": -liosawajika, sababu ikitajwa, iongezwe: "uso uliosawajika kwa kukesha".

"Exhausted": -liochoka hoi, au taabani. Hapa pana uchovu, si sura.

"Emaciated": -liokonda mno. Katika hadithi "gofu la mtu" lafaa. Katika taarifa ya serikali halifai, maana lamdunisha anayetajwa.

"Malnourished": mwenye utapiamlo. Litumike pale tu asili inapolitaja.

Walimu nao waweza kuwapa wanafunzi sentensi nne, kila moja na neno lake, wazifasiri na kutetea uteuzi wao. Mfasiri hana ruhusa ya kumwongezea mtu ugonjwa, wala ya kumpunguzia.