Je, Wajua? Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka

Nchi nyingi zinazolima zabibu huvuna mara moja tu kwa mwaka. Dodoma huvuna mara mbili: miezi ya mwanzo wa mwaka, kisha tena Agosti na Septemba. Msafiri hukuta zabibu nyeusi zikiuzwa kando ya barabara.

Lakini mlo wa kukumbukwa hapa ni mlenda, mboga ya majani yenye utelezi. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, huchuma majani ya porini msimu wa mvua, huyaanika, huyatwanga. Unga wake huliwa kiangazi chote. Maji huchemshwa na magadi kidogo. Unga hunyunyizwa huku ukikorogwa, kisha huja nyanya na karanga zilizosagwa. Ugali wake ni wa uwele au mtama. Tonge huchovywa, huzungushwa kukata uzi wa utelezi, ndipo huenda mdomoni. Ni ufundi, na wenyeji humfundisha mgeni kwa furaha.

Jumamosi ni siku ya mnada wa Msalato, nje kidogo ya jiji. Mifugo huuzwa hapo, na nyama huchomwa hapo hapo. Unachagua kipande kwa jicho lako, kinapimwa, kinapanda jikoni. Kachumbari, pilipili, ndizi za kuchoma. Mimi sijaona hoteli ya mjini inayoifikia nyama hiyo.

Tangu 2024, treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) hutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa chini ya saa nne. Anayeondoka Dar alfajiri anawahi chakula cha mchana.